Uzi: Silanti gani ya kulinda rangi ya gari inafaa Goma, penye majivu ya volkano na maji ya Ziwa Kivu?

Verni wa Himbi, Goma (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, salamu kutoka Himbi. Kila ninapoosha gari uani, hakosi jirani wa kusimama langoni na kuniuliza ni dawa gani ninayoipaka hata maji yanatiririka yenyewe na kuacha rangi ikiwa karibu kavu. Nimekuwa nikitaja jina la chupa na kuishia hapo. Baadaye nikawaona wawili kati yao wameipaka dawa ileile juu ya vumbi, kisha wakailaumu. Ndiyo maana nimeamua kuandika kwa kirefu, kwa sababu chupa ni sehemu ndogo tu ya jibu.

Msimamo wangu ni huu: kwa gari linalolala nje katika mji wa Goma, silanti ya polima inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne ina faida kuliko nta tupu, na kwa wengi wetu ina faida kuliko seramiki pia. Nasema hivyo nikiwa nimezitumia zote tatu kwenye RAV4 yangu ya buluu iliyokoza, na seramiki ilinigharimu fedha na rangi, kama nitakavyoeleza.

Kwanza tujue tunacholinda. Juu ya bati kuna rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa kuna verni, ile tabaka angavu ambayo mapentri wetu huipuliza mwisho. Matabaka yote kwa pamoja, kwenye gari lililotoka kiwandani, mara nyingi hayafiki hata mikroni 150 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na verni peke yake huwa kati ya mikroni 35 na 50 hivi. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 kwa makadirio, kwa hiyo kinachotenganisha rangi ya gari lako na jua ni kitu chembamba kuliko unywele. Kila unapoing'arisha kwa polishi ya kukwangua unapunguza verni hiyo, na hairudi tena. Silanti ni tabaka jembamba zaidi linalowekwa juu ya verni ili litangulie kuliwa. Likiisha unaweka jingine, na verni inabaki salama.

Hapa kwetu kuna maadui ambao maelezo ya chupa za Ulaya na Marekani hayawataji. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya jua inayochubua rangi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira una gesi ya salfa, na gesi hiyo ikikutana na mvua inageuka asidi. Majivu yenyewe, yale mepesi yanayotua usiku bila mtu kuyasikia, ni vipande vidogo vya kioo na madini vyenye kingo kali. Ukiongeza vumbi jeusi la barabara zilizopita juu ya mawe ya volkano, utaelewa kwa nini gari lililokuja liking'aa kutoka Japani linapauka hapa kabla mwenyewe hajamaliza kulilipia.

Asubuhi moja, baada ya mvua ndogo ya usiku, niliinama juu ya kapo, yaani boneti, nikaliangalia tone moja kwa karibu. Lilikuwa duara kama shanga, na chini yake kulikuwa na duara jembamba la kijivu, ambayo ni majivu yaliyokusanywa na tone hilo lilipokuwa likijikunja. Saa nne jua lilipokaza, tone likakauka na kuacha kitone cheusi chenye ukingo mweupe. Nilipokigusa kwa ncha ya kidole kilikwaruza kama chembe ya mchanga. Nilijiuliza yangekuwa mangapi juu ya gari zima, na kitambaa kikavu kingefanya nini juu yake.

Sasa nije kwenye dawa zenyewe.

Nta ya karnauba hutokana na majani ya mti mmoja wa jamii ya mitende wa kaskazini-mashariki ya Brazili. Inaipa rangi mng'ao wa kina ambao mimi binafsi naupenda kuliko wote, hasa kwenye rangi nyeusi na nyekundu. Huyeyuka karibu na nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, kwa hiyo jua haliigeuzi maji kama watu wanavyodai, lakini sabuni kali na mvua ya asidi huila upesi. Hapa usitarajie zaidi ya wiki chache.

Silanti ya polima imetengenezwa maabara. Molekuli zake hushikamana na verni na kuungana zenyewe kwa zenyewe zinapokauka, na kwa sababu hiyo huvumilia sabuni kuliko nta. Mng'ao wake ni wa kioo zaidi, na wapo wanaosema una ubaridi. Kuna pia mchanganyiko wa viwili hivi. Collinite 845 ya Marekani, kwa mfano, ina karnauba na polima ndani ya chupa moja. Soft99 ya Japani inauza kopo la gramu 200 liitwalo Fusso Coat, lenye aina moja ya rangi zilizokoza na nyingine ya rangi nyepesi, na juu ya kopo wameandika miezi 12. Dawa ni nzuri, ila miezi hiyo 12 msiihesabu hapa kwetu.

Baada ya hapo zipo dawa za kupuliza zenye silika, yaani madini ya aina ya kioo, ambazo unazipuliza na kufuta papo hapo, na mwisho kabisa seramiki halisi, ile inayokuja katika kichupa kidogo cha kioo na kugeuka tabaka gumu.

Nilifanya jaribio langu mwanzoni mwa Septemba, mvua ziliporudi. Niliigawa kapo ya RAV4 kwa karatasi ya gundi ya mapentri katika sehemu tatu: kushoto nta ya karnauba, katikati silanti ya polima, kulia dawa ya kupuliza yenye silika. Kila Jumamosi niliosha kwa maji ya mvua niliyoyakinga kwenye pipa na kwa shampuu ya gari, nikamwagia maji kwa kopo na kutazama. Wiki ya tano matone ya upande wa nta yalikuwa yamelala bapa kama maji juu ya saruji. Upande wa silika ulianza vizuri kuliko yote, maji yakikimbia kwa kasi ya kupendeza, lakini kufikia wiki ya kumi ulikuwa umechoka. Sehemu ya katikati ilifika mwezi wa nne ikiwa bado inasukuma maji, japo polepole. Ni kapo moja ya gari moja, sidai zaidi ya hapo, ila tangu siku hiyo nimenunua silanti ya polima tu kwa ajili ya msingi.

Kuhusu seramiki, kabla ya jaribio hilo nililipa dola 250 katika karakana moja ya mjini nikiahidiwa ulinzi wa miaka mitatu. Walifanya kazi mchana, uani, hakuna paa, upepo ukileta vumbi la barabarani. Hawakuiondoa mikwaruzo kwanza, wala hawakuifuta rangi kwa alkoholi ili kutoa mafuta. Jioni nikalichukua gari, na manyunyu yakanikuta njiani kabla ya dawa kukauka. Kesho yake milango miwili ilikuwa na mabaka kama ya mafuta yaliyomwagika, na ile mikwaruzo ya duaraduara ilikuwa imefungiwa chini ya tabaka gumu, ikionekana vizuri kuliko zamani. Nta iliyopakwa vibaya unaiosha ikatoka. Seramiki iliyopakwa vibaya huitoi ila kwa kukwangua, na mimi nilikwangua Jumamosi tatu mfululizo, nikijua kwamba kila mzunguko wa mashine unaichukua verni pamoja nayo.

Kwa hiyo ushauri wangu kabla ya kuuliza "silanti gani" ni kuuliza "juu ya nini". Osha gari, likaushe, kisha vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya kapo na paa polepole. Ukisikia vichembe vya kukwaruza, ujue kuna uchafu ulioshikamana ambao sabuni haiutoi, na silanti haitashika. Hapo unahitaji ule udongo laini wa kusafishia rangi, unaoteleza juu ya maji ya shampuu na kung'oa chembe moja moja. Baada ya hapo futa kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, ndipo upake silanti kivulini, juu ya bati ambalo ukiliwekea mgongo wa kiganja halikuchomi. Paka kidogo sana. Gari zima halihitaji zaidi ya mililita 30, na ukiona unafuta kwa nguvu hadi jasho linakutoka ni kwa sababu umepaka nyingi. Chupa ya mililita 473, kwa hesabu hiyo, inakupa mara 15 au zaidi, yaani miaka kadhaa ya kinga kwa bei iliyo mbali sana na dola 250.

Nakaribisha maoni, hasa ya wanaopinga.

Mama wa Nguba, Bukavu

Asante, ndugu yangu, kwa maelezo haya. Mimi nina Harrier nyeusi, na kijana anayeliosha hulishusha hadi ziwani kwa sababu maji ya bomba huku kwetu juu hayaaminiki. Gari likirudi linapendeza kwa saa moja, kisha madoa meupe ya mviringo yanajaa kila mahali, mengi zaidi kwenye kioo cha nyuma na paa. Nilipaka silanti nikidhani itazuia, lakini madoa yakaongezeka. Je, silanti ndiyo inayoyaleta? Na je, sabuni ya unga anayotumia kijana huyo ina ubaya gani, maana gari linatoka safi kabisa?

Verni wa Himbi, Goma

Mama, swali lako ndilo nililotamani liulizwe. Silanti haileti madoa, ila inabadilisha umbo lake. Maji ya Ziwa Kivu si maji matamu kama ya mvua. Yana chumvi nyingi za madini yaliyoyeyuka, magnesi, sodiamu na wenzake, na uchungu wa aina ya magadi unaofikia karibu 9 kwenye kile kipimo ambacho maji ya kawaida ni 7. Kabla hujapaka silanti, maji yalitandaa na kukauka kama utando mwembamba ambao jicho halikuuona. Sasa yanajikunja kuwa matone manene, na kila tone linapokauka linaacha chumvi zake zote mahali pamoja. Ndiyo maana unaona madoa mengi, tena yenye ukingo.

Dawa yake ni kutokuacha maji yale yakauke yenyewe juu ya gari. Mwambie kijana, ikiwa ni lazima aoshe ziwani, aje na dumu moja la maji ya mvua la kusuuzia mwisho, na afute gari lote kwa taulo la mikrofaiba akiwa kivulini, asiende kuzungumza na wenzake kwanza. Madoa mapya yanatoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Loweka kitambaa, kiweke juu ya doa kwa dakika moja hivi, futa, kisha suuza vizuri, kwa kuwa siki nayo ni asidi na inapunguza nguvu ya silanti. Madoa yaliyokaa miezi yanakuwa yamekwisha kuchimba verni yenyewe. Hayo ni ya polishi, na kwenye gari jeusi ningekushauri utafute mtu mwenye mkono mwepesi.

Kuhusu sabuni ya unga, imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo, na silanti ni ndugu wa mafuta. Gari linatoka safi kwa sababu kinga imetoka pia. Nta inaweza kuondoka kwa kuoshwa mara mbili tatu, polima inavumilia kidogo zaidi, lakini hakuna dawa ya kupakwa kwa mkono inayoshinda sabuni ya unga kila wiki. Nunua shampuu ya gari, umkabidhi mwenyewe. Kifuniko kimoja au viwili kwa ndoo vinatosha.

Mwana wa Katanga, Lubumbashi

Mimi napinga kidogo, kwa heshima. Gari langu lina seramiki kwa miaka miwili na miezi sasa, na bado maji yanakimbia. Nilipaka mwenyewe, ndani ya garaji iliyofungwa, mwezi wa Juni, wakati huku kwetu hakuna mvua kabisa na hewa ni kavu na baridi. Nilitumia siku mbili nzima kuandaa rangi na nusu siku tu kupaka. Baada ya hapo gari lilikaa ndani siku mbili bila kutoka, na sikuliosha kwa wiki nzima.

Lubumbashi tuna vumbi jekundu kuanzia Mei hadi mvua zinaporudi karibu na Novemba, tuna utomvu wa miembe, na tuna moshi wa viwanda vya madini ambao nao una salfa. Magari mengi yanaingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa yakiwa yamesafiri nchi kavu kwa majuma, na rangi imejaa chembe za chuma. Mimi hupuliza ile dawa ya kuondoa chuma, na rangi nyeupe inatoa machozi ya zambarau kila mahali, hata mwenye gari anashangaa. Nta na polima juu ya vumbi letu zinanikatisha tamaa, kwa sababu miezi mitano sita bila mvua vumbi linakaa tu, na kila mara nikiliosha napunguza kinga. Seramiki haijali sabuni. Kwa hiyo nisingependa wasomaji wa huku waondoke na wazo kwamba seramiki ni udanganyifu.

Verni wa Himbi, Goma

Ndugu wa Lubumbashi, hatupingani sana, na nakushukuru kwa kueleza ulivyofanya, kwa sababu maelezo hayo yana thamani kuliko jina la dawa. Una garaji iliyofungwa, una msimu mkavu, na ulitoa siku mbili za maandalizi. Mtu mwenye vitu hivyo vitatu apake seramiki, nami nitampongeza. Hapa Goma mvua inatutembelea karibu mwaka mzima isipokuwa ile miezi ya Juni hadi Agosti, na wengi wetu tunalaza magari uani penye mawe ya volkano. Kupata saa 48 za ukavu bila vumbi ni jambo la kuombea.

Nakubali pia kwamba seramiki inavumilia sabuni kali kuliko polima. Lakini naomba turekebishe jambo moja ambalo wauzaji wanalitumia vibaya, ile alama ya 9H. Watu wanaambiwa kwamba rangi yao itakuwa ngumu karibu na almasi. Kipimo hicho ni cha penseli, zilezile za wachoraji: unasukuma penseli ngumu juu ya tabaka na kuangalia kama inalikwaruza. Hakihusiani na kile kipimo kingine cha madini ambacho almasi ni 10. Kwenye kipimo hicho cha madini, kioo na madini yaliyomo kwenye majivu ya volkano yako kati ya 5 na 6 hivi, na seramiki ni tabaka la mikroni moja, pengine chini yake, lililokaa juu ya verni laini. Majivu yakifutwa makavu yanaikwaruza seramiki na verni pamoja. Kokoto inayorushwa na lori kwenye barabara ya Sake nayo inapita tu. Anayetaka kuzuia kokoto ahesabu ile filamu ya plastiki ya kubandika, ambayo ina unene wa mikroni 150 hadi 200, na bei yake ni ya watu wengine.

Kwa wasomaji wa Goma naongeza hili, kwa sababu tulioiona Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, tunajua kwamba mlima hauombi ruhusa. Siku majivu yakianguka, usiguse gari kwa kitambaa, usiwashe waipa, wala usilipige kwa brashi ya manyoya. Mwagia maji mengi kutoka juu, paa kwanza, kioo, kapo, kisha milango, ukiyaacha yashuke yenyewe. Ukikosa bomba, tumia kopo na ndoo, taratibu, mara nyingi. Sabuni na mkono vinafuata baada ya maji ya chini kutoka bila weusi. Silanti inasaidia sana siku hiyo, kwa kuwa majivu yanateleza kwa maji peke yake, na hiyo kwangu ndiyo kazi yake kubwa kuliko mng'ao.

Fundi wa lavaji, Goma

Wakubwa, mimi ninaosha magari, naomba na sisi tusikilizwe. Mteja anatoa dola tatu na anataka gari ndani ya dakika ishirini. Tunajua kwamba sifongo iliyoanguka chini haifai, lakini tukisuuza gari mara tatu kabla ya kuligusa, maji tunayoyanunua yanamaliza faida. Jambo moja nimejifunza kwa kazi hii ambalo sijaliona hapa. Zile Land Cruiser nyeupe zilizotoka kwenye mashirika, nyingi hazina verni. Ukizipaka polishi, kitambaa kinatoka cheupe kama umefuta chaki. Mwenye gari anadhani tumemharibia rangi, kumbe ndivyo lilivyotengenezwa. Je, hizo nazo zinapakwa silanti hiyo hiyo?

Verni wa Himbi, Goma

Ndugu fundi, asante sana, umeniongezea jambo ambalo nilipaswa kuliandika mwanzoni. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hakuna verni, rangi yenyewe ndiyo iliyo juu na jua linaila moja kwa moja. Magari ya namna hiyo yanahitaji kinga kuliko hata yetu. Ondoa ule unga mweupe kwa polishi laini, kwa mkono, bila kurudia sana, kisha paka silanti ya polima safu mbili, ya pili siku inayofuata, ili palipoponyoka papatikane. Safu ya tatu haiongezi kitu. Kwa rangi hizo napendelea ile mchanganyiko yenye karnauba, kwa sababu mafuta yake yanairudishia rangi iliyokauka uhai fulani.

Kuhusu maji na muda, nakuelewa, na sitaki mtu yeyote asome uzi huu akaenda kumgombeza kijana wa lavaji. Dola tatu haziwezi kununua uangalifu wa saa mbili. Ila kuna jambo lisilogharimu: tenga ndoo ya pili ya kusuuzia sifongo kabla ya kuirudisha kwenye sabuni. Mchanga unabaki chini ya ndoo hiyo na hauendi mlangoni kwa mteja. Ukimwonyesha mteja yale matope yaliyobaki chini, huenda akakubali kukuongezea dola moja. Tena ungeweza kumuuzia dawa ya kupuliza yenye silika mwishoni, gari likiwa bado na maji: unapuliza, unasuuza, unafuta. Ni dakika tano, na kinga ya wiki kadhaa.

Yaya wa Katindo, Goma

Nimesoma yote. Nina maswali mawili ya haraka. Naweza kupaka nta juu ya silanti ili nipate ule mng'ao wa kina? Na la pili: mlango wangu wa kushoto na bawa la mbele vilipakwa rangi upya wiki mbili zilizopita kwa pentri wa mtaani, baada ya pikipiki kunigonga. Nataka kupaka silanti gari zima Jumamosi hii.

Verni wa Himbi, Goma

Yaya, nta juu ya silanti ndiyo, subiri tu silanti ikauke, saa 12 au usiku mzima bila kuloweshwa. Kinyume chake hapana, kwa kuwa silanti juu ya nta haigusi verni, inaelea juu ya mafuta na kutoka nayo.

La pili naomba usiharakishe. Rangi iliyopulizwa uani bila tanuri inakauka juu kwa siku chache, lakini ndani yake viyeyushi vinaendelea kutoka kwa wiki nyingi. Ukiifunika kwa silanti mapema, unavifungia, na verni inaweza kubaki laini au kufifia. Watengenezaji wengi wa rangi wanataka siku 30 hadi 90 za kusubiri. Mimi kwa kazi ya mtaani ningesubiri 90. Ukitaka kujua kama bado, asubuhi gari likiwa kwenye joto la jua karibisha pua mlangoni: ikiwa harufu ya rangi ingali ipo, kazi haijaisha.

Kwa hiyo Jumamosi zungushia mlango huo na bawa karatasi ya gundi, upake silanti sehemu nyingine zote. Upande mpya uoshe kwa maji ya mvua na shampuu tu, ukaushe kwa kugusisha taulo bila kusugua, na majivu yakitua usiku umwagie maji kabla hujaenda kazini. Kopo langu lina silanti ya kutosha. Siku tisini zikitimia, uje nalo hapa Himbi tupake pamoja.